Kutoka Kinondo hadi Mkanda: siku saba na daftari moja

Siku ya kwanza, Kinondo

Kabla sijavuka Likoni niseme kilichonitoa nyumbani. Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mabaraza. Mradi ukija, uwe wa barabara, machimbo au bandari, sheria inataka wananchi waulizwe, na mimi ndiye niliyekaa pembeni ya hema na kompyuta mapajani. Mzee husimama akasema nusu saa nzima: mkondo wa maji unapita wapi, samaki gani huzaa mwezi gani, kaburi la babu yake liko chini ya mbuyu upi. Fomu yangu ilikuwa na mistari miwili. Nikawa naandika, baraza baada ya baraza, "Wananchi walieleza wasiwasi wao kuhusu mazingira." Kisha soda, karatasi ya mahudhurio, na kila mtu kwake.

Kazi hiyo nimeiacha. Sasa nina daftari la kurasa mia mbili lisilo na fomu, na siku saba za kuipanda pwani kutoka Kwale hadi Lamu.

Feri, matatu hadi Ukunda, halafu bodaboda. Msitu wa Kaya Kinondo ni hekta kama 30 tu, kando ya bahari kusini ya Diani, na majirani zake ni hoteli. Mzee wa Kidigo alinifunga kaniki kiunoni akanisomea masharti. Usivunje tawi. Usiondoke na kitu, hata jani kavu. Humo ndani hakuna kukumbatiana wala kubusiana. Njia ni hii hii moja, na simu itaingia mfukoni tukikaribia panapohusika. Nikamwuliza panapohusika ni wapi. "Nitakwambia tukifika." Hatukufika. Tulipita kando.

Mle ndani mna baridi ya mtungi. Mbambakofi, mtandarusi, mizabibu mwitu minene kama mapaja, na mbega wakirushiana matawi juu yetu. Mzee alisimama mbele ya gogo lililoanguka siku nyingi, limeota uyoga. Nje ya hapa, alisema, gogo hili lingekuwa makaa ya wiki mbili. Humu lina wenyewe.

Kaya zilikuwa miji. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Waribe, Wajibana, Wakambe, Warabai, Waduruma na Wadigo, husimulia kwamba walitoka Singwaya huko kaskazini, wakajenga makao katikati ya misitu na kuzika fingo ardhini liwalinde. Watu walipotoka kwenda kulima, mji ukabaki wa wahenga na msitu ukabaki na mwiko wake. Ndiyo maana wataalamu wa mimea walipokuja na orodha zao walikuta humu miti ambayo huko nje imeshageuka vitanda na milango. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Mzee alinisikiliza nikiyasema hayo kwa heshima zote, wala hakuyajadili. Kilichomkera ni maneno "imani za jadi" niliyoyatia katikati bila kufikiri.

"Ukisema ni imani yangu, unaweza kuniheshimu huku unaukata," alisema. "Mimi nakwambia jambo la maji. Kateni huu msitu, visima vya huku vitaingia chumvi. Hiyo ni imani?"

Wakati wa kutoka alikionyesha kwa kidevu kisiwa cha Chale, kusini kidogo. Nacho ni kaya, na leo kina hoteli. Hakuongeza neno.

Siku ya pili, Gazi na Mrima

Asubuhi Gazi, kwenye mikoko. Kijiji hiki na mwenzake Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko: hekta 117, takribani tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zinakwenda kwenye maji na shule. Mama mmoja alinipitisha kwenye daraja la mbao linaloendeshwa na akina mama wa hapa, akanitajia kila mti kama anayetaja wajukuu. Mlilana anapenda mbele, anapigwa na bahari. Mkoko na muia wanakaa katikati kwenye tope. Mkandaa nyuma. Mchu utamkuta hata mahali pa chumvi kali ambapo wenzake wameshindwa.

Halafu akanipa kisa ambacho kwenye fomu yangu ya zamani kisingeingia kabisa. Wageni wanaokuja kupanda miti, alisema, huja na miche ya mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na kuichomeka matopeni ni rahisi. Huichomeka hata mahali ambapo mkoko haujawahi kuota tangu dunia iumbwe, wakapiga picha, wakaondoka. Ikipita miezi mitatu imekufa. "Hawakuuliza hapa palikuwa na mti gani."

Habari ya kuuza hewa ukaa hainikai vizuri moyoni, na nilimwambia. Anayenunua anaendelea kutoa moshi wake kwao, na mti wa Gazi unaingia katika hesabu yake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini. "Maji ya bomba nayateka kila siku. Wewe umekuja na lipi?" Sikuwa nimekuja na lolote. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Mchana nikashika barabara ya Lunga Lunga, kisha pikipiki hadi Mrima. Ni kilima chenye msitu, na msitu huo ni kaya. Chini yake mna niobi na madini adimu, yale yanayogombaniwa na viwanda vya dunia nzima. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba Machi 2013, ikafutwa Agosti mwaka huohuo, na shauri likapelekwa ICSID, baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2018 Kenya ikashinda. Wasuluhishi walisema leseni haikuwa na nguvu kwa kuwa masharti ya sheria za mazingira hayakutimizwa, tena kwenye kilima ambacho tayari kilikuwa msitu wa hifadhi na kumbukumbu ya taifa.

Nimeyasoma mambo ya kesi hiyo na kuna kitu kinanikuna. Kilima kilinusurika kwa sababu kilikuwa kwenye gazeti la serikali. Kiliingia kwenye gazeti kwa sababu bado kilikuwa na msitu. Na msitu ulikuwapo kwa sababu kulikuwa na watu waliowakataza watoto wao kuukata, miaka mingi kabla ya hilo gazeti. Huyo mtu wa mwisho ndiye asiyeonekana kwenye hesabu.

Nilimpata wa aina yake amekaa chini ya mwembe, redio sikioni. Usidhani Mrima wote wana kauli moja. Wanawe wawili wanataka machimbo, wana watoto wa kulisha, na hawagombezi. Yeye hataki. Nilipofungua daftari mkono wangu ukaandika wenyewe, kwa mazoea, "Mzee ana wasiwasi kwamba chemchemi..." Akaomba asomewe. Nikasoma.

"Futa hapo. Mwenye wasiwasi ni asiyejua. Mimi nimekunywa maji ya hapa miaka sabini, najua yanatoka wapi na yanapotea mwezi gani. Andika najua."

Nikafuta, nikaandika anajua.

Siku ya tatu, Mombasa

Siku ya kufua nguo, lakini jioni nilipita Owino Uhuru, mtaa ulio upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi hapa kuanzia 2007 hadi 2014 na kuacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Si kaya, si msitu, na wakazi wake wametoka kila kona ya nchi. Naiweka humu kwa sababu moja. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mtoto wake akakutwa na sumu hiyo, pamoja na akina mama wa mtaa, walisema mapema kwamba kuna kitu. Wakaambiwa walete vipimo. Vipimo vikaja, kesi ikaja, Julai 2020 mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, kisha umhesabie mtoto aliyezaliwa kiwanda kinafunguliwa.

Siku ya nne, Kaya Fungo

Bara la Kilifi, jua kali, vumbi jekundu, mibuyu. Sikuingia kayani. Siku niliyofika haikuwa siku ya kuingia, na aliyeniambia hivyo hakuona haja ya kunieleza kwa nini. Tulikaa nje, kwenye kivuli chembamba cha mkwaju, tukasogea nacho kila kilipohama.

Hapa ndipo Wagiriama walipokula kiapo mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipozunguka akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu. Waingereza walitaka kodi na walitaka vijana wakafanye kazi mashambani. Mekatilili wakamkamata wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 wakailipua kaya kwa baruti.

Hapo nilikumbuka swali la Kinondo. Tangu shule ya msingi nimefundishwa kwamba kaya ilikuwa mahali pa ushirikina. Lakini serikali hailipui ushirikina. Inalipua bunge. Waliojua hilo kuliko wote ni wale waliobeba baruti.

Mzee mwenyeji wangu ana miaka sabini na kitu, na nywele nyeusi tititi. Niligundua nilikuwa nazikodolea macho aliposema, "Rangi ya dukani. Hii ndiyo kofia yangu ya chuma." Alicheka peke yake. Kwa miaka mingi sasa wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zinatosha kuwa ushahidi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba ambalo kijana wa ukoo anataka kuliuza. Kuna wazee waliokimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, wakaishi huko kama wakimbizi ndani ya wilaya yao. Huwa tunasema mzee akifa ni maktaba imeungua. Ni usemi mzuri wa kusemea kwenye semina. Huku maktaba zinapakwa rangi nyeusi ili zisichomwe.

Aliniambia mengi kuhusu ardhi iliyogawanywa kwa hati huku njia za kwenda kaya zikiwa hazimo katika ramani yoyote. Shamba likiuzwa, mnunuzi hukuta watu wanapita. Anajenga ukuta. Kaya iko, imetangazwa, ina ulinzi wa sheria, ila huwezi kuifikia bila kuruka seng'enge ya mtu.

Siku ya tano, njiani

Basi kutoka Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Vizuizi vya polisi sikuvihesabu baada ya cha nne. Mgongo umekufa.

La kuandika leo ni moja. Gatini Mokowe, nikisubiri boti, nilikaa karibu na mzee aliyekuwa na dumu la asali. Ni Mwaweer. Watu wengine huwaita Waboni, nao hawalipendi jina hilo. Wao walikuwa wawindaji na warina asali wa misitu ya Boni na Dodori. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Kisha Septemba 2015 operesheni ya usalama ikaanza msituni, na kuingia kwenyewe kukawa kwa shaka.

"Kwanza kuwinda kukawa kosa," alisema. "Baadaye na kutembea. Ndege anatuita kwenye asali, anapiga kelele pale juu, na mimi nimesimama barabarani namsikiliza tu."

Nilimwuliza kama ndege huacha kuita akiona watu hawaji. Alifikiri. Akasema vijana wake hawajui kumjibu, kwa hiyo swali langu litajibiwa karibuni.

Siku ya sita, Amu

Lamu mjini hakuna haraka ila ya punda. Niliamkia barazani kwa bwana mmoja rafiki wa marehemu mjomba wangu, kahawa chungu na tende, na mazungumzo yakaenda yenyewe kwenye makaa ya mawe.

Mtambo wa umeme wa makaa hayo ulikusudiwa kujengwa Kwasasi, bara, upande wa pili wa ghuba, megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Watu wa hapa, wakiwa chini ya muungano wao wa Save Lamu, walikwenda Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu mojawapo nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa chini. Mahakama ilisema mikutano ya utangulizi, iliyofanyika kabla ripoti haijakamilika, haikuwa kuwashirikisha wananchi. Walipaswa kuletewa ripoti yenyewe wakaisema. Kwa maneno mengine, hema, soda na karatasi ya mahudhurio havikutosha. Sikufanya kazi kwenye mradi huo. Nilifanya kazi hiyo hiyo kwenye miradi mingine.

Bwana yule hakunihukumu nilipomweleza. Alisema tu kwamba walipokuja wataalamu waliuliza kila nyumba ina watu wangapi na kipato gani, na hakuna aliyeuliza upepo. "Nusu ya mwaka kaskazi, nusu ya mwaka kusi. Moshi si kitu cha kukaa mahali pamoja. Mtoto wa chuo chetu angekuchorea unakwenda wapi na unarudi lini." Bibi aliyekuwa akisuka ukili mlangoni akadakia kwamba na majivu yana safari zake, na mvua ya masika huteremsha kila kitu baharini, na baharini ndiko kwenye chakula chake. Ripoti nzima hiyo, kwa sentensi mbili, bila kuacha kusuka.

Nikakubaliana na nahodha mmoja anipeleke kesho Pate kupitia Mkanda. Akasema saa kumi na mbili kamili alfajiri, nisichelewe.

Siku ya saba, Mkanda

Nilichelewa. Simu yangu ina programu ya maji kujaa na kupwa, na programu ilisema tuna muda. Nikanywa chai ya pili. Nahodha alikuwa amekaa gatini na mjukuu wake, hasemi kitu, anautazama mwezi mpevu ukitua. Tuliondoka saa moja na robo.

Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kulia, mikoko kushoto. Mashua hupita maji yakiwa juu. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na maji ya bamvua yakianza kutoka hayana subira. Kabla ya saa tatu chini ya mashua pakasikika sauti laini ya tope, tukakaa. "Haya," akasema nahodha, "sasa utanywa chai ya tatu." Mpaka saa saba, pengine.

Saa nne za kukaa matopeni na mtu wa bahari ni zawadi ambayo hailipiki. Alinifundisha kuhesabu mwaka wa Nairuzi, kalenda ya zamani ya pwani, siku 365 zinazopangwa kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo wazee walijua lini kupanda, lini tanga litwekwe kwenda kaskazini, lini vyombo vipandishwe pwani kabla ya kusi kuchafuka. "Jina lake baya, lakini mwongo huyu hasemi uongo," alisema, akasubiri nicheke. Mjukuu alikuwa ameshausikia utani huo. Aliendelea kutengeneza ndoana. Alinipa pia majina ya miti ya kukatwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na jinsi wakataji wa zamani walivyokuwa wakiacha sehemu ipumzike wakahamia nyingine.

Upande wa pili wa mikoko ndiko iliko bandari mpya. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Walipochimba kina cha meli, maji yalichafuka kuwa kama uji, na sehemu walizovua baba zao zikafukiwa au zikafungwa. Watu wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki yao ya mazingira safi, ya kupewa habari na ya utamaduni wao ilivunjwa, na wavuvi takribani 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Nilimwuliza nahodha walipimaje hasara ya bahari.

"Walituuliza unavua wapi. Kila mtu akataja. Sasa wewe fikiri. Nisipotaja, sina ushahidi. Nikitaja, nimewapa ramani ya riziki yangu watu nisiowajua."

"Ukataja?"

"Nikataja nusu."

Akaniambia niandike. Akaanza kuyasema majina ya miamba na vina vya upande wa Manda, moja baada ya jingine, na kwa kila moja aina ya samaki na mwezi wake: tafi, changu, chewa, kamba. Mara mbili alinisahihisha nilipoandika "maji madogo" badala ya "maji mafu". Nilijaza kurasa tatu. Kisha akanyamaza, akamtazama mjukuu, akamsemesha Kiamu cha haraka nisichokifuata, na mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Hilo la mwisho ni lake," akaniambia. "Wewe liache."

Nikaruka ukurasa mmoja. Saa saba kasoro dakika kumi tope likaanza kung'aa pembezoni, mashua ikayumba kidogo, na mtoto akashika upondo.